Akala za Mbavu Tatu

Nyayo zake zilifika kabla yake. Ukienda kisimani asubuhi ukakuta mchangani mistari mitatu iliyonyooka, na katikati ya mistari vijino vidogo kama vya kitana, ulijua Nesi amepita jana jioni, na leo atakuwa pale kwenye laga, ule mto mkavu wa mchanga, na sanduku lake la barafu. Mama mwenye mtoto mchanga alianza kumwogesha. Mtoto mwenye akili alianza kutafuta pa kujificha.

Ile mistari niliikata mimi. Ni fundi wa akala hapa Kanamkemer, mjini Lodwar, na nimesoma hadi darasa la sita. Nasema hivyo mapema ili mtu asije akatafuta maneno makubwa kwangu. Nilichonacho ni miaka mingi ya kumtengenezea mtu mmoja viatu, na fundi wa viatu hujua mambo yako ambayo hata mchungaji wako hayajui. Sijui Nesi alizaliwa wapi wala alikuwa binti wa nani. Hayo hatukuyagusa. Tuliongea miguu.

Leo hayupo. Kwenye mazishi walisimama watu wengi wakasema mambo mazuri, wengine kwa kipaza sauti. Mimi nilikuwa naangalia mchanga pale kaburini, umekanyagwa na viatu vya kila aina, na sikuona mistari mitatu popote. Nikarudi kibandani nikanoa kisu ambacho tayari kilikuwa kikali.

Labda nieleze kwanza hiyo mbavu tatu, maana vijana wanaokuja kwangu sasa hawaijui.

Akala za siku hizi zinatoka kwenye tairi la waya. Ukilipasua unakuta ndani nyuzi za chuma, na ukishalivaa miezi kadhaa zile ncha zinatokeza na kukutafuta kisigino. Zamani lilikuwepo tairi moja la lori ambalo ndani lilikuwa na nyuzi za kitambaa. Mwiba wa mathenge ukiingia unauvuta, na mpira unajifunga wenyewe. Lilikuwa tamu kwa fundi. Unachovya kisu kwenye maji, unavuta, linakatika kama ugali uliopoa. Juu lilikuwa na mbavu tatu na vijino katikati, ndiyo maana tukaliita hivyo. Nusu ya Lodwar ilitembea juu yake.

Halafu kiwanda kikaacha kulitengeneza. Hakuna aliyekuja kututangazia. Malori yalikuja na matairi mengine, sisi tukasema ni kwa muda tu, na siku moja nikainua gunia nyuma ya kibanda nikakuta nimebaki na kipande cha kutosha jozi mbili. Mengine yote nilikuwa nimewauzia wachuuzi wa mbuzi bila kufikiri kwamba nauza kitu ambacho hakitarudi. Hizo jozi mbili nikamwekea Nesi.

Kwa nini yeye? Kwa sababu wengine walitembea tu. Yeye alikuwa akiandika.

Kazi yake ilikuwa chanjo za watoto huko nje, ambako simu ilikuwa haishiki. Siku moja kabla ya chanjo alizunguka kwa miguu visima vyote vya laga. Hakumwita mtu, hakubandika karatasi. Alizunguka kila kisima mara moja, akasalimia waliokuwepo, akaenda. Wanawake walipofika kuteka maji walisoma chini, habari ikaenda manyattani. Sisi huku tunasoma mchanga jinsi watu wengine wanavyosoma gazeti: nani amepita, na ngamia wa nani, na alikuwa na haraka gani.

Kwa hiyo aliichukia lami. Barabara ya kwenda Kakuma ilipowekwa lami watu walifurahi, na yeye alifurahi kwa ajili ya wagonjwa. Lakini alitembea pembeni, mchangani. "Lami haiandiki," alikuwa akisema. Pikipiki pia alizikataa. Kijana mmoja wa bodaboda alimfuata hapa mbele ya kibanda changu.

"Mama Nesi, panda nikupeleke. Leo ni bure."

"Ukinipeleka, nani atajua nimefika?"

"Nitapiga honi!"

"Honi yako itasema wewe umefika."

Kijana alinitazama mimi kama anayetaka shahidi. Nikainama kwenye kazi yangu.

Alipewa simu ya kazini pia. Aliiweka ndani ya soksi, na soksi ndani ya mkoba, imezimwa. Nilimuuliza kwa nini anaizima. Akasema ili isichoke.

Alisalimia kila mtu. "Ejoka?" Alisalimia hata punda wanaobeba maji, na punda asipojibu alimjibia mwenyewe, "Ejok," kwa sauti nzito ya kipunda. Chai alikunywa ya moto kabisa, saa nane mchana, jua likiwa limesimama juu ya bati la kibanda changu. Na mtu akifagia uwanja wake asubuhi na mapema, alikasirika. "Sasa umefuta nani alikuja! Utajuaje nani alikuja?" Mwenye nyumba alibaki na ufagio mkononi.

Kwa maneno hakudanganya hata mtoto. Mtoto akimuuliza kama sindano itauma, wauguzi wengine husema haiumi, ni kama mbu. Yeye alisema, "Itauma. Halafu itaacha." Nimesikia mama mmoja akimtuliza mjamzito kwa maneno hayohayo, na sidhani alikumbuka ameyatoa wapi.

Na mtu huyohuyo, aliyechoma mapaja ya watoto nisioweza kuwahesabu, alikuwa anaogopa sindano. Mwenzake wa kazini ndiye aliyenisimulia. Mwaka mmoja malaria ilimlaza, wakamwambia anahitaji sindano, akaketi kitandani na homa yake yote akaanza kubishana bei. "Nipeni vidonge," akasema, "hata kama ni debe." Walimshika wanne. Nilipomuuliza, hakukana. Alisema, "Iliuma. Halafu ikaacha. Lakini haikuacha haraka, Fundi, hiyo sehemu sijawaambia watoto."

Jozi ya kwanza kati ya zile mbili aliivaa miaka mpaka ikawa nyembamba kama chapati. Ya pili ilikwenda na mto. Alikuwa Katilu, anavuka Turkwel, akazivua akala ili maji yasiziharibu. Aliziweka juu ya jiwe akakunja sketi vizuri. Mto ukachukua jiwe na akala. Alikuja kwangu amevaa ndara za plastiki za buluu, amenuna.

"Umezivua kwa nini? Akala haiogopi maji."

"Nilikuwa nazitunza."

"Sasa zinatunzwa na mamba."

Hakucheka, na hapo nikajua mambo ni mabaya. Aliketi kwenye benchi. "Hizi ndara zinanifanya mgeni. Jana nimezunguka visima vitatu. Leo wamekuja watoto wawili, na mmoja alikuwa anamtafuta mbuzi wake." Kisha akasema taratibu, "Surua imefika upande wa ziwa, Fundi. Wiki ijayo natakiwa kule njia ya Kataboi. Nitafutie mbavu tatu. Hata kipande."

Nilizunguka Lodwar nzima. Kesho yake nikaenda Kakuma, maana kule kwenye kambi ya wakimbizi kitu cha zamani huwa hakitupwi, hubadilishwa kazi tu. Nilimpata Mkongomani mmoja anayeziba matairi, rundo lake refu kuliko nyumba. Nikamchorea mbavu tatu kwa kidole mchangani. Alizitazama kwa huruma kama mtu anayeonyeshwa picha ya marehemu.

"Papa, ile haiko tena. Kiwanda kilishafunga, ama kilishaacha, mimi sijuwe. Ile ilikuwa tairi ya kweli."

"Hata moja?"

Alikuna kichwa. "Moja iko. Lakini haiko ya kuuza. Iko kwa mama mumoja, Murundi, kule nyuma ya kanisa. Umusalimie vizuri."

Nikaenda. Ilikuwepo kweli! Tairi zima la mbavu tatu, mbavu bado ndefu, limelazwa chini, limejazwa udongo, na ndani mboga imesimama kijani kama haiko Turkana. Mwenyewe alikuwa anaimwagilia maji ya kuoshea vyombo. Nilimsalimia vizuri kama nilivyoambiwa, nikamweleza habari ya Nesi, nikataja bei, nikaongeza bei.

"Papa," akasema, "wewe unaona tairi. Mimi naona lengalenga. Nikikupa hilo, watoto wangu watakula nini jioni?"

Ningesema nini, kwamba watoto wangu wa Kataboi ni muhimu kuliko wake? Alinifungia kifungu cha mboga kwenye gazeti, nikarudi Lodwar na mchicha.

Sasa nifike mahali ambapo sijivunii.

Nilichukua tairi la waya, zuri, jipya kidogo, na nikachonga mbavu kwa kisu changu kidogo. Siku mbili. Vijino nilivipima kwa kitana cha mke wangu, naye alikitafuta siku mbili. Nilipomaliza nilikanyaga mchanga nyuma ya kibanda, nikarudi nyuma, nikatazama. Mistari mitatu, vijino katikati. Mimi mwenyewe nilidanganyika.

Nesi alizigeuza mkononi. "Umelipata wapi?"

"Kakuma," nikasema.

Nililipata Kakuma, kweli. Sikusema kwamba lilibaki Kakuma. Mtu aliyewaambia watoto wote wa Turkana kwamba itauma, mimi nikamwambia hivyo, tena nikichezea nyundo ili nisimtazame. Akazivaa, akalipa, akaenda zake kuelekea Kataboi.

Yaliyotokea huko nilisimuliwa na yeye, na baadaye na bibi mmoja aliyekuwepo, na hadithi zao zinalingana isipokuwa kwenye kiasi cha maziwa.

Siku ya kuzunguka visima, waya mmoja ulitokeza kwenye kisigino cha kulia. Hakuna mtu wa kuutoa, hakuna koleo. Akazunguka visima vyote hivyohivyo, anakanyagia vidole mguu wa kulia. Asubuhi akapanga meza yake kwenye laga, akafungua sanduku la barafu akafunga haraka, akangoja. Jua likapanda. Kisha akaona watu wanakuja, wengi, wengi kuliko siku zote, wamenyooka mstari kutoka pande zote mbili za laga. Moyo wake ukafurahi.

Walipokaribia akaona hawana mtoto hata mmoja.

Walikuwa na vibuyu vya maziwa. Mmoja alikuwa na mbuzi. Wakaketi chini kumzunguka, wenye nyuso za msiba.

"Watoto wako wapi?" akauliza.

Bibi akamjibu kwa upole, kama unavyojibu mgonjwa. "Nesi, sisi tumeona mguu yako. Tumeona nauma sana. Mtu mgonjwa hapelekewi kelele ya watoto."

"Mimi si mgonjwa! Ni kiatu!"

Wakatazamana. Mgonjwa sana husema hivyo.

"Kunywa maziwa kwanza," bibi akasema.

"Barafu inayeyuka! Nina chanjo ya surua hapa! Nendeni mlete watoto!"

"Kunywa."

Akanywa. Kila mtu alitaka kibuyu chake kinywewe, na hakuna aliyekubali kuondoka kabla ya kumwona amekunywa na rangi yake imerudi. Yeye anasema vilikuwa vibuyu kumi. Bibi anasema alionja tu, kwa maringo. Ndipo wakainuka wakaenda mbio kuleta watoto, wengine wamebebwa wanapiga mateke, na Nesi akachanja huku tumbo limemjaa anashindwa kuinama. Mtoto wa mwisho alipochomwa, barafu ilikuwa imebaki kama kipande cha sabuni mwisho wa mwezi. Surua ilipita upande huo baadaye. Hapo kwenye laga ile haikupata mtu wa kumkamata.

Aliporudi alikuja moja kwa moja kibandani, akavua akala ya kulia akaiweka mbele yangu. Nilichukua koleo nikavuta waya. Ule waya ulikuwa mrefu.

"Hizi mbavu," akasema, "umezichonga na kisu gani?"

Nilimwonyesha kile kidogo.

"Umechonga vizuri. Ya kushoto ni nzuri zaidi."

"Ulijua lini?"

"Hapahapa, siku uliponipa. Mpira unanuka waya. Na wewe ulikuwa unaongea na nyundo." Akaivaa tena akala yake. "Lakini nikuambie kitu, Fundi. Wale mama hawakusema kiatu si changu. Walisema mguu unauma. Umeelewa?"

Nikasema nimeelewa. Kwa kweli nilielewa baada ya siku nyingi. Nilikuwa naamini kinachomtangaza ni tairi langu. Nililikimbilia mpaka Kakuma na kumwomba mama wa watu amwage mboga yake. Kumbe kule kisimani walikuwa wanasoma mtu, hatua yake fupi, jinsi kisigino kinavyozama kwa uzito wa lile sanduku, na tairi walikuwa wanalitazama kama unavyotazama nguo ya mtu unayemfahamu. Ndara za buluu ndizo zilikuwa zimewapoteza, kwa sababu katika ndara hakuna anayetembea kama mwenyewe. Mtu anakokota tu.

Naye Nesi aligundua jambo lake, na hapa ndipo ninaposhindwa kumpanga vizuri. Yule ambaye kwa mdomo hakudanganya mtu, alianza kudanganya kwa mguu. Alikuwa ameona umati wa siku ile. Kwa hiyo kila alipozunguka visima alichechemea kidogo, hatua tatu kila kisima, mguu wa kulia. Aliwaambia wanawake, "Mkiona nachechemea, njooni na watoto. Mgonjwa huyu anapenda kelele." Walikuja wengi, na maziwa pia walileta. Alinenepa miaka ile.

Nilimuuliza kama huo si uongo. Akanywa kwanza chai yake ya moto.

"Mguu haujasema kitu," akasema.

Yule bibi alipokuja mjini kununua tumbaku alipita kwangu, nikamwuliza kama kule kwao wanaamini ule mguu. Alicheka mpaka akashika benchi. "Tunajua nacheza. Mwenye kuuma hakanyagi safi namna hiyo. Yeye nachechemea kama anacheza ngoma." Wakati mwingine, akasema, wasichana kisimani walizifuata zile hatua tatu nyuma yake, wakiziiga, mpaka mchanga wote ukawa unachechemea.

Miaka ikaenda. Simu zikaanza kushika, wauguzi wapya wakapewa pikipiki, naye akastaafu akahamia chumba cha kupanga hapa Kanamkemer, nyuma ya shule. Ile jozi ya kuchonga aliendelea kuivaa. Nilijitolea kumtengenezea nyingine, akasema hii imemzoea. Kila alipopita mbele ya kibanda changu alichechemea hatua tatu, kulia, na mimi nilipiga nyundo mara tatu juu ya chuma. Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yetu.

Mchana mmoja, kiangazi, nilikuwa na mteja, mzee mfugaji kutoka upande wa ziwa, ameketi kwenye kigoda chake cha kulazia shingo akingoja mkanda wa akala yake. Nesi akapita. Anachechemea. Safari hii hatua hazikuwa tatu, alichechemea tangu kona ya duka mpaka kwangu, na mimi nikaona amezidisha mchezo. Nikapiga nyundo.

"Nesi! Hapa hakuna wa kuchanja! Wote tumeshazeeka!"

Alicheka. Nakumbuka vizuri kwamba alicheka. Aliinua mkono, hakusimama, akaenda zake. Nami nikacheka, nikarudi kwenye mkanda. Nasema hivi kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilicheka.

Yule mzee hakucheka. Aliinama mbele, akatazama chini, akatema tumbaku.

"Huyo mama ni nani?"

"Ni Nesi. Alikuwa anachanja. Huo ni mchezo wake wa zamani."

"Hachezi."

"Mzee, namjua."

"Wewe najua yeye. Mimi naona mguu." Akaonyesha kwa fimbo. "Angalia kisigino ya kushoto. Haiinuki. Navuta mchanga. Hapa amesimama kidogo, ona, ameshika ukuta. Huyo naumwa kweli."

Nikatoka kibandani nikaangalia. Miaka yote nilikuwa namkatia akala na sikuwahi kujifunza kusoma nyayo zake. Kulia, mistari mitatu safi. Kushoto, mbavu zilikuwa zimefutika, umebaki mfereji mmoja mrefu, kama mtu amekokota kuni. Kushoto. Mchezo wake ulikuwa wa kulia siku zote.

Nilimwacha mzee na mkanda wake nusu. Nikaenda kwa mama anayeuza maziwa pale kona, sikuwa na chombo, akaniazima kibuyu chake mwenyewe. Kisha nikafuata ule mfereji. Ulipita nyuma ya shule, ukapumzika mara moja kwenye ua wa mathenge, ukapumzika tena kwenye tangi la maji, ukaishia mlangoni kwake.

Nilibisha. Alichukua muda. Alipofungua alikuwa ameshika mlango kwa mikono miwili, akala ya kushoto ameivua, mguu umevimba mpaka vidole vimekuwa vidogo. Nikanyoosha kibuyu.

Alikitazama kibuyu. Akanitazama mimi. Kisha akainua shingo taratibu, akachungulia nyuma yangu, barabarani, upande huu na upande ule.

"Fundi," akasema, "na watoto wako wapi?"